Kwa Mbuyu, Anayekwenda Kuchagua Programu ya Kuchora Saketi

Kamina, Jumapili, jua linashuka

Mbuyu mwanangu,

Umeenda kanisani kuagana na wanakwaya wenzako, na kwa sauti ninazozisikia kutoka huko, kuagana kwenyewe hakutaisha upesi. Nimeona niitumie nafasi hii. Ukiwa nyumbani siwezi kuandika barua. Unakuja kusimama nyuma ya bega langu na kunisahihisha herufi.

Sitakuambia namna ya kulala kwenye treni wala namna ya kushika sanduku lako ukifika stesheni. Shangazi yako amekuwa akikuambia hayo tangu juzi bila kumeza mate, na ameongeza tabia zote za watu wa Lubumbashi, hata wale ambao hajawahi kukutana nao. Amemaliza yote. Mimi nina neno moja tu, nalo linahusu kile ujumbe wa Bwana Ilunga ulichokuomba.

Uliusoma ujumbe wenyewe mbele yetu, umesimama mlangoni. Bwana Ilunga aliandika kwamba katika karakana yake kazi yako ya kwanza haitakuwa kulehemu wala kupima waya. Wamepata kompyuta, lakini mafundi wote pale bado wanachora bodi zao za umeme kwa mkono, na yeye anataka wewe umchagulie programu ya kuchorea. Ulipiga kelele ukacheza katikati ya kiwanja mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. Kisha, tulipokaa kula, ukaniuliza, "Mama, na kama nachagua mubaya?"

Nilikuwa na tonge la bukari mdomoni, na baba yako akadakia na utani wake, na swali likapita kama hukuliuliza. Kwangu halikupita. Jibu langu ni refu, kwa sababu mimi mwenyewe nilichagua vibaya, tena mara mbili, na wewe ulikuwa umekaa kando yangu.

Nianze nyuma kidogo. Kabla hujaweza kuona juu ya meza, mimi nilikuwa tayari napaka rangi kwenye shaba. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa katika shule ya ufundi: unachukua kibao chenye ngozi nyembamba ya shaba, unachora kwa rangi pale unapotaka umeme upite, kisha unakilaza katika perkloriri, yale maji ya kahawia yanayokula shaba. Shaba iliyo wazi inaliwa, ile iliyofunikwa na rangi inabaki, na hizo ndizo barabara za umeme. Katika shule ninayofundisha tulikuwa na rangi maalumu. Ilipokwisha, na hakuna aliyejua itatoka wapi tena, nikahamia rangi ya kucha, ile nyekundu ya sokoni, nikiichora kwa ncha ya mwiba. Mama aliyekuwa akiniuzia alinishangaa sana. "Mama mwalimu, weye unapenda kupendeza kabisa!" Kisha anatazama vidole vyangu, havina hata tone la rangi, vimejaa madoa ya kahawia, naye anarudi kuhesabu chenji yangu. Baba yako alikuwa akiwaambia wageni, "Bibi yangu anapamba shaba. Minyi fundi wa baiskeli njo nashika mukono muchafu kuliko yangu."

Nakukumbusha haya ili ujue kiburi changu kilikuwa cha namna gani. Mkono wangu ulikuwa mzuri. Nilichora bodi za redio, za kengele ya shule, za ule mzani wa umeme wa hospitali, na zote zilifanya kazi. Kompyuta ya yule daktari aliyeondoka vita vilipoanza ilipoletwa katika ofisi ya shule, mimi nilisema hiyo ni mashine ya kuandikia maswali ya mtihani. Ni wewe uliyekaa mbele yake kila mara jenereta ilipopata mafuta, ukiuliza, "Na hii inafanya nini? Na hii?"

Vita vile vya kwanza vilipita hapa Kamina kama mvua ya ghafla. Hivi vya pili vilikuja vikakaa. Ndege zilikuwa zinapita juu ya paa kwenda kambini, sokoni tukawa tunawauzia viazi askari ambao lugha yao hatukuijua, na treni ikawa inakuja siku inayotaka yenyewe. Baba yako alikuwa amekwenda Malemba-Nkulu kumchukua mama yake, safari ya siku chache tu. Alipofika kule, wenye bunduki wakaifunga barabara nyuma yake.

Mwanzoni nilikuwa nasema, "Ni barabara tu." Baadaye nikaacha kusema chochote. Unakumbuka tulivyoishi. Kila jioni ulikuwa unapika bukari nyingi kuliko ya watu wawili, na sote wawili tulijifanya kwamba umekosea kipimo. Shangazi yako alikuwa akija kumaliza ile iliyobaki na kutuambia tunene.

Kitu pekee kilichoweza kuvuka kwenda Malemba-Nkulu kilikuwa foni, ile redio ya kuzungumzia na watu wa mbali, iliyo katika nyumba ya Pasta Kalenga. Nayo ikapigwa na radi. Alikuja mwenyewe, jasho linamtoka, kofia mkononi.

"Mama mwalimu, foni yenyewe haina neno. Ile kintu ya kuchunga umeme ya jua njo imeungua. Betri iko inakufa polepole, na bantu banakuja kila siku kuuliza habari ya ndugu yabo. Nitabaambia nini?"

Tulikwenda pamoja, mimi na wewe. Nilifungua kisanduku kile kinachopokea umeme kutoka kwenye sahani ya jua na kuupeleka kwenye betri. Ndani kulikuwa kweusi, kunanuka, na barabara zote za shaba zimejikunja kama majani makavu. Vipande nilikuwa navyo; hata chipu ile ndogo yenye miguu pande mbili nilikuwa nimeitoa katika mashine nyingine. Bodi mpya ndiyo iliyohitajika, tena ya kuingia katika nafasi ileile finyu, na mistari yake imebanana kama meno ya chanuo.

Nilijaribu kwa mkono. Rangi ikavuja kati ya miguu ya chipu. Nikajaribu tena, sasa nimekishika kibao mbali na uso kama bibi anayesoma kitabu cha nyimbo, nawe ukaniona. Ikavuja tena. Kilibaki kipande kimoja cha kibao cha shaba, cha mwisho katika Kamina nzima kwa kadiri nilivyojua.

Ukakichukua mkononi mwangu, taratibu. "Mama, acha. Tuchore na ordinatere, ile kompyuta ya ofisi."

Hapo ndipo mjomba wako Monga alipoingia. Yeye, unavyomjua, kila safari ya treni anarudi na kitu ambacho hakuna aliyemwagiza. Safari hiyo ulikuwa umemwagiza wewe. Alituletea kopo la biskuti, na ndani yake diski za programu tatu alizoazimwa na mafundi wa Lubumbashi. "Kila mutu anasema yake njo ya muzuri," akatuambia. "Nimeleta zote. Mupigane benyewe."

Na kweli tulipigana.

Ile ya kwanza, Mbuyu, ilikuwa nzuri mno. Ilifunguka na rangi, na picha ndogondogo za kubonyeza, na vipande vya umeme vimechorwa kama vya kitabuni. Ilikuwa hata na uwezo wa kutafuta barabara yenyewe: unabonyeza mahali pamoja, unakaa, inachora mistari huku wewe unatazama. Nilishika mashavu yangu kwa mikono miwili. Miaka yote ile ya mwiba na rangi ya kucha, na huku kuna kitu kinachochora chenyewe! Wewe ulisema, "Mama, tufanye kwanza kintu kidogo. Taa moja, betri moja. Tuchore, tuhifadhi, tufunge, tufungue tena, tuprinte." Nikakujibu kwamba hatuna mafuta ya kuchezea. Nikaanza bodi nzima.

Nilifanya kazi juu yake kutwa nzima, jenereta ikiwaka bila kuzimwa, na kompyuta inatembea polepole kama ng'ombe aliyekula sana, kwa sababu programu ilikuwa kubwa kuliko kumbukumbu yake. Nilipomaliza nikabonyeza kuhifadhi. Ikanitolea dirisha zuri, lenye rangi ya bluu. Ilikuwa ni nakala ya kuonjesha wateja. Inakuruhusu kuchora unavyotaka, lakini bodi kubwa kuliko kiganja cha mtoto haihifadhi. Wala haiprinti. Jenereta ikakohoa, ikazima, na kazi yote ikaenda na mwanga wake.

Hukusema, "Nilikuambia." Ulikwenda kuchemsha chai. Nimeikumbuka ile chai mara nyingi kuliko ile kazi iliyopotea.

Kwa hiyo ukifika kwa Bwana Ilunga, mwanangu, usiipe programu yoyote moyo wako kabla haijakupa bodi mkononi. Chukua kitu kidogo kabisa na uende nacho njia nzima, toka mchoro wa kwanza hadi kwenye shaba. Programu nyingi ni tamu katikati ya njia. Ubaya wake unakaa mwishoni, pale unapotaka kutoka na kazi yako.

Ungedhani nimejifunza. Ile ya pili ilipofunguka nikasema, hii ndiyo ya watu wazima. Haikuwa na urembo mwingi, lakini ilikuwa na nguvu, na ilihifadhi. Nikacheka, nikakuambia, "Unaona?" Tulichora nusu. Siku iliyofuata ikakataa kufungua mchoro wetu. Ilitaka kifunguo, kile kidude cha kuchomekwa nyuma ya kompyuta, ambacho muuzaji humpa aliyeinunua. Bila hicho ilikupa siku moja ya kuijaribu, halafu ikafunga mlango na kazi yako iko ndani. Tukajaribu kuusoma mchoro wetu kwa njia nyingine. Ukatoka msururu wa alama ambazo hata Pasta Kalenga, ambaye anasoma Kiebrania, alisema hazijui.

Jambo hili nataka uliwaze kwa utulivu, maana Lubumbashi watakuwa na hela ya kununua vifunguo. Sikuambii usinunue. Fundi aliyeitengeneza programu naye anakula. Lakini uliza: siku kifunguo kitakapopotea, au muuzaji atakapofunga duka, je, michoro ya karakana itaweza kusomwa na mtu? Bwana Ilunga atatengeneza mashine ambazo zitadumu kuliko hiyo kompyuta yake. Kuna siku mtu atakuja na bodi iliyoungua mkononi, kama sisi tulivyokwenda kwa Pasta, na atahitaji kuuona mchoro.

Sasa ile ya tatu. Wewe ulikuwa umekwisha kuifungua peke yako, nilipokuwa nafundisha, na ulikuwa unaogopa kunionyesha. Nyeusi tupu, mistari ya kijani, hakuna picha hata moja. Kila kitu kwa herufi za kibodi.

"Hii iko na sura ya mulango wa gereza," nikasema.

Ukanigeukia umeshika kiuno, kama shangazi yako mtupu. "Mama, tunatafuta bwana arusi ao tunatafuta fundi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na tulikuwa hatujacheka katika nyumba yetu tangu barabara ifungwe. Ukanionyesha. Ilihifadhi. Ilifungua tena. Mchoro wake ukihifadhiwa ulikuwa maneno na namba tu, ambazo mtu angeweza kuzisoma na hata kuzirekebisha kwa mkono. Haikuchora barabara yenyewe, ulilazimika kuzifikiria zote wewe. Na ilipoprinti katika ile printa ya shule yenye utepe uliokauka, ulitoa karatasi, ukaichukua chipu yetu, ukaiweka juu ya picha yake. Kila mguu ulikaa juu ya nukta yake. Ukaniangalia tu. 

Lakini ilikuwa na shida moja, na shida yenyewe ilikuwa mimi. Sikuweza kushika zile herufi. Hii ya kusogeza, ile ya kugeuza, ile ya kufuta. Nilikuwa nafuta nilipotaka kusogeza. Mwalimu mzima, nikawa naona aibu mbele ya binti yangu, na kwa aibu nikaanza kuisema vibaya programu, kwamba ni ya kizamani, kwamba si ya watu. Wewe ukafanya kitu ambacho sijui ulikitoa wapi. Ukazitia zile herufi zote katika wimbo, kwa sauti ya zoezi la kwaya, herufi moja kwa kila noti, nasi tukawa tunauimba ofisini, "S unasogeza, G unageuza," mpaka walimu wengine wakaja dirishani kuona ni ibada gani hiyo. Baada ya wimbo ule sikufuta tena kitu kwa bahati mbaya. Isipokuwa mara moja, na ile haikuwa kosa langu.

Pale karakana kuna mafundi wazee, Mbuyu. Watakuwa na mikono mizuri kuliko wangu. Ukiwachagulia programu inayowaaibisha, watarudi kwenye kalamu zao na utabaki peke yako na programu yako nzuri. Kaa nao kwanza. Tazama wanavyochora, uliza wanachoogopa. Unachagua kwa ajili ya wote wanaokaa mezani pale, na wewe ndiye mdogo wao.

Twende mbele, maana najua unasubiri nifike kwenye lile kosa la kioo.

Tulikuwa na mchoro mzuri, na kipande cha mwisho cha kibao. Nikaweka karatasi ya kaboni juu ya shaba, na mchoro wetu juu yake, nikapitisha kalamu kwenye kila mstari, kisha nikafuata alama zile kwa rangi ya kucha na mwiba. Safari hii mkono haukukosea, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimekwisha kupangwa. Tukaanika beseni la perkloriri juani lipate joto, tukakilaza kibao, tukakisubiri tukikitikisa kwa zamu. Kilipotoka, kizuri, safi, kila barabara peke yake, nilikiinua juu kama mtoto mchanga. Kisha ukachukua chipu, ukaiweka upande wake, ule usio na shaba, ukakunja uso.

"Mama. Mukono wa kuume iko kushoto."

Mchoro ulikuwa unaonyesha bodi kana kwamba unaitazama kutoka upande wa vipande. Shaba iko upande wa pili. Ilitakiwa igeuzwe kama sura katika kioo kabla ya kuprinti, na programu ilikuwa na herufi ya kazi hiyo, ipo hata katika wimbo wako, na mimi niliyeprinti sikuibonyeza, na wewe uliyesimama kando yangu hukukumbuka. Programu tuliyoichagua vizuri kabisa, baada ya kupigana kote kule, haikuweza kutuokoa na hilo.

Niliketi kwenye ngazi ya ofisi. Nakuambia sasa kwamba pale ndipo nilipomlilia baba yako kwa mara ya kwanza. Ulidhani nalilia shaba.

Wewe ulikuwa unazunguka na kibao mkononi, unakigeuza hivi, unakigeuza vile, unanong'ona. Kisha ukasimama.

"Mama, vipande njo tugeuze."

"Namna gani?"

"Tubipandishe ku upande ya shaba. Chipu, na bingine byote. Tubilehemu palepale juu ya barabara. Kama vipande biko upande ile, basi kuume inarudi kuume."

Nilikutazama. Nikafikiri tangu mwanzo hadi mwisho, nikitafuta kosa, kama ninavyofanya na wanafunzi. Halikuwepo. Tukalehemu vipande vyote upande usio wao, miguu ikiwa wazi, mgongo wa bodi mtupu kama sahani. Hakuna fundi duniani angeisifu. Pasta Kalenga alipoiona aliuliza, "Hii ni ndani ao ni inje?" Ukamjibu, "Pasta, hata sisi hatujue, lakini umeme unajua." Na taa ya kijani ikawaka, na betri ikaanza kunywa.

Asubuhi ya saa ya foni nyumba ya Pasta ilijaa. Kila familia iliyokuwa na mtu upande ule ilikuwa imekuja. Wengine wamekaa madirishani. Pasta akaita Malemba-Nkulu. Mvumo tu. Akaita tena. Na sauti ya mwanamume ikajibu, ndogo, mbali, lakini inajibu, na watu wote wakapumua kwa pamoja. Pasta akawasomea majina ya wanaotafutwa, jina la baba yako, Banza, likiwemo. Sauti ile ikasema, "Banza? Banza wa Kamina, ule anatengeneza makinga? Eko hapa nyuma. Mungoje."

Mwenye kutengeneza makinga, yaani baiskeli! Kumbe alikuwa amefungua kazi kule.

Nilipewa kile kidude cha kusemea. Nilisikia anakohoa, namna yake ya kukohoa kabla ya kusema, na mkono wangu ukakataa kubonyeza. Ni wewe uliyeweka kidole chako juu ya changu, ukabonyeza, ukasema, "Baba, ni minyi, Mbuyu. Mama eko hapa, hawezi kusema. À vous," ukaachia kitufe ili ajibu.

"Mbuyu! Minyi muzima. Nyanya yako muzima, anakula kuliko minyi. Mwambie mama aache kulia, nasikia mupaka huku. Nani ametengeneza foni? Balituambia imekufa. À vous."

"Ni sisi, baba. À vous."

Mvumo. Kisha: "Basi mbona nasikia sauti yenu muzuri hivi? Mumeiweka kichwa chini? À vous."

Alikuwa anatania tu, maskini, hakujua chochote, na nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Pasta alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia. Hata mimi nikabonyeza, nikasema, lakini nilichomwambia ni kati yangu na yeye na watu wote wa Kamina waliokuwa madirishani. Baada yetu wakasema wengine, familia baada ya familia, mpaka betri ilipochoka. Mama mmoja mzee aliyesikia sauti ya mwanawe alikuja akashika mikono yako miwili. "Wafwako, wafwako," akakushukuru kwa Kiluba, na hakuwa na neno lingine.

Ndipo tulipojua pia kwamba mto ulikuwa umefunguka. Baba yako na nyanya yako wakapanda chombo cha wachuuzi wa samaki juu ya Lualaba mpaka Bukama, na pale wakangoja treni. Alishuka stesheni akiwa amekonda, na samaki wakavu mabegani, na kitu cha kwanza alichoomba ni kuonyeshwa ile bodi. Akaitazama sana. Akasema, "Nimeoa mafundi wawili."

Sasa swali lako. Na kama unachagua vibaya?

Utachagua vibaya, mwanangu, au utachagua vizuri na kukosea mahali pengine. Mimi nilipenda sura, kisha nikapenda nguvu, kisha nikashindwa na herufi moja. Kilichotuokoa ni kwamba kila tulipokosea tuliweza kuliona kosa, na bado tulikuwa tunaongea. Chagua programu inayokuonyesha kosa lako mapema, ungali karatasini. Chagua inayokuacha utoke na kazi yako. Na ukigundua baada ya miezi kwamba si yenyewe, mwambie Bwana Ilunga wazi, "Nilikosea, tubadilishe." Si ndoa hiyo. Atakasirika asubuhi, jioni atakuwa amesahau. Bwana yeyote anayestahili kazi yako atasahau.

Na usitafute ile iliyo bora kuliko zote. Mafundi watabishana mbele yako, kila mmoja na yake, kama alivyosema Monga. Waulize badala yake, "Mara ya mwisho ilikusumbua wapi?" Anayeijua programu yake kweli atajibu mara moja, tena kwa furaha, na utajifunza zaidi katika dakika hizo kuliko katika sifa za siku nzima. Anayesema haijawahi kumsumbua, huyo hajamaliza bodi hata moja.

Vita havijaisha. Sijui treni yako itapita lini tena kuja upande huu, na sitaki kujifanya kwamba najua. Lakini leo, nikitazama kiwanjani, naona nyanya yako anapepeta unga, naona baba yako anagombana na jogoo ambaye amekwisha kuelewa nia yake, na nasikia kwaya yako inaimba wimbo uleule kwa mara nyingine kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukuacha. Moyo wangu umejaa, Mbuyu. Hautoshi kifuani.

Nina habari moja ambayo sijakupa kwa mdomo, kwa sababu ungepiga kelele tena na kuku tumewachoka kuwatafuta. Mkuu wa shule amekubali. Kuanzia kesho kutwa, mchana baada ya masomo, nafungua darasa la kuchora saketi kwa kompyuta. Wasichana wa madarasa ya juu wamekwisha kuniuliza waje na nini. Nimewaambia waje na sauti. Baba yako naye amesema anakuja, na kwamba atakaa mbele kabisa, na kwamba mwalimu asipofundisha vizuri atasimama kulalamika. Nimemjibu kwamba darasani kwangu anayelalamika anafuta ubao.

Nakusikia njiani. Unacheka. Nafunga karatasi kabla hujafika begani kwangu.

Mama yako